Juu ya Kuigiza Mng'ao wa Kromu katika Vigari vya Mfano

Mhadhara uliotolewa Pasiansi, Mwanza, mbele ya mafundi, walimu na vijana



Nimetakiwa niseme juu ya jambo ambalo mpita njia aweza kulihesabu kuwa dogo mno kustahili mhadhara, nalo ni jinsi ya kulipaka bampa la kigari cha mfano, kigari kisichozidi shubiri moja kwa urefu, hata mwenye kukitazama asione rangi bali aone chuma kilichochovywa kromu na kusuguliwa asubuhi ileile. Sitauombea radhi udogo wake. Kila fani ya kuigiza, tangu uchongaji wa majahazi ya mbao yanayopamba sebule hadi uchoraji wa nyuso za watu, hupimwa mahali penye ugumu, na katika fani hii ya vigari ugumu hauko katika mlango wala katika gurudumu, bali uko katika ule utepe mwembamba wa chuma king'aacho ambao waunda magari wa karne iliyopita waliuzungusha kila mahali: kwenye bampa, kwenye shoo ya mbele, kandokando ya vioo na taa, na juu ya vifuniko vya magurudumu. Kigari ambacho mwili wake umepakwa kwa ustadi mkubwa hufedheheshwa na utepe mmoja uliokosewa, ilhali kigari cha kazi ya kadiri huinuka hadhi yake mara tu kromu yake inapokubalika machoni.

Neno nililokuja nalo ni moja, na mengine yote yatakuwa tafsili yake: kromu haina rangi ya nafsi yake. Ni kioo kilichopindwa, na kwa hiyo mtu atakaye kuiigiza hana budi kupaka mahali gari liliposimama, yaani mbingu iliyo juu yake, ardhi iliyo chini yake, na vile vilivyo baina ya mbingu na ardhi. Aliyeko Pasiansi na apake Pasiansi.

Kosa la mwanzo, nalo ni kosa la karibu watu wote, ni kwenda dukani kununua kikopo cha rangi ya silva, kwa kuwa macho yetu kwa uvivu wao wa kimaumbile yamekwisha kutuambia kwamba bampa ni la silva. Ndani ya rangi ile mna chembechembe za alumini zilizolala ovyo, hii ikielekea kusini na ile kaskazini, na nuru inapozipiga hutawanywa pande zote pasi na taswira yoyote kumrudia mtazamaji. Matokeo yake ni kijivu kilichopooza, na gari huonekana kama limefungiwa bomba la maji mbele na nyuma. Wala simaanishi kwamba rangi ile haina kazi: kwa ringi za chuma, kwa vyuma vya injini, kwa tangi la mafuta la lori, yafaa sana. Kwa kromu haifai.

Hapa Pasiansi tumejaliwa darasa ambalo wengine hulikosa. Barabara itokayo mjini kwenda kiwanja cha ndege yatupitia. Upande wa machweo liko ziwa, na upande wa pili vimesimama vilima vya matale, yale majabali yaliyopandana ambayo ndiyo wajihi wa Mwanza nzima. Ajapo mtu akaliona gari la zamani lenye bampa la kromu safi, na aombe ruhusa kwa mwenyewe, achutame mbele yake hatua chache, na asiseme neno mpaka awe amezihesabu rangi azionazo. Katika sehemu ya juu ya bampa ataiona samawati iliyokolea; ikiteremka itazidi kupauka, hata karibu na katikati inakuwa karibu sawa na weupe; kisha ghafula, bila ya mpito wowote, utakatiza mstari mweusi wenye kingo za kuchongoka, nao ndio upeo wa macho pamoja na miti, nyumba, majabali na yeye mwenyewe mtazamaji aliyechutama; chini ya mstari huo itaanza rangi ya ardhi, hudhurungi iliyofifia, nayo itazidi kukolea ikishuka, mpaka mwisho wa chini ni weusi mtupu wa kivuli cha gari lenyewe. Silva hataiona popote. Na jambo litakalomshangaza zaidi ni wingi wa giza, kwa maana aghalabu nusu nzima ya kile tunachokiita mng'ao ni hudhurungi, kijivu na nyeusi, na weupe halisi ni ukanda mwembamba na nukta chache.

Sababu ya mpangilio huu yafaa kuelezwa, kwa kuwa aijuaye sababu hahitaji kukariri. Pale ambapo uso wa bampa umekuelekea wewe barabara, unakurudishia kilicho nyuma yako, na nyuma yako ni upeo wa macho. Pale ambapo uso huo umeinuka nusu ya safari, yaani nyuzi 45, ukawa haukutazami wewe wala hauitazami mbingu bali umesimama baina yenu, unakurudishia kile kilicho utosini. Basi mbingu yote, kutoka nyuma ya kisogo chako hadi utosini, imebanwa katika ule upana mdogo ulio kati ya mstari wa katikati na mahali pale penye mwinamo wa nusu. Na juu zaidi ya hapo huonekana mbingu ya upande wa pili wa gari, au, kama mwili wa gari umeinuka nyuma ya bampa, huonekana rangi ya mwili wenyewe. Ndiyo maana bampa la gari jekundu lina utepe wa wekundu kwenye ukingo wake wa juu, na fundi anayeusahau wekundu huo atashangaa kwa nini bampa lake laonekana kana kwamba limebandikwa kutoka gari jingine.

Na jua je? Hapa ndipo vitabu vya mafundi wa Ulaya vinapotupoteza bila ya kukusudia. Fundi wa London, hata katika siku ile ambayo jua hupanda juu kuliko siku zote za mwaka, hulipata likiwa limeinama kiasi cha nyuzi 28 kutoka utosini, na siku nyingi huinama zaidi ya hapo. Kwa hiyo humwelekeza msomaji wake apake mbingu ya kijivu na jua la pembeni. Sisi tuko kiasi cha nyuzi 2 na nusu tu kusini ya Ikweta. Katikati ya Machi na tena mwishoni mwa Septemba jua la saa sita hutupita utosini hasa, na katika miezi mingine ya mwaka haliendi mbali sana. Maana yake kwa brashi ni kwamba nukta ya jua, kwa gari la mfano lililosimama katika adhuhuri ya Mwanza, haikai kwenye ukingo wa juu wa bampa kama wengi wanavyodhani, bali hukaa chini yake, pale penye ule mwinamo wa nusu niliousema. Kisha ni nukta, wala si mstari. Kila kipande kilichobenuka kina jua lake moja: bampa lina lake, kila pembe ya bampa iliyotengwa ina lake, kila pete ya taa ina lake, na yote hayana budi kukubaliana, kwa maana jua la mbinguni ni moja. Mtu akipaka mstari mweupe mkali kutoka pembe hii hadi pembe ile, amepaka taa ndefu ya ofisini, hakupaka jua.

Msidhani kwamba fikira hii ya kuigiza madini kwa rangi za kawaida ni uzushi wa watu wa vigari. Mwaka 1435 Leon Battista Alberti wa Italia, katika kitabu chake juu ya uchoraji, aliwasifu wachoraji wanaoudhihirisha mng'ao wa dhahabu kwa rangi tupu, akawaona kuwa wana ustadi kuliko wale wabandikao dhahabu yenyewe juu ya picha. Na hoja yake ilikuwa ni ileile ya bampa letu, kwamba dhahabu halisi ikibandikwa juu ya ubao mahali pengine hung'aa pasipotakiwa na mahali pengine huwa nyeusi pasipotakiwa, kwa kuwa haimtii mchoraji bali huitii nuru ya chumba. Na kwetu, Edward Saidi Tingatinga, aliyeanza kuchora Dar es Salaam mwaka 1968 na kufariki mwaka 1972, hakuhitaji rangi za gharama. Alitumia rangi ya mafuta ya dukani, ile ya kupakia baiskeli, juu ya mbao laini za kujengea, na mng'ao wa rangi ile ukawa sehemu ya haiba ya kazi yake. Rangi hiyohiyo ya mafuta yatutosha.

Lakini kabla ya brashi pana maarifa, na maarifa ya kwanza ni kujua gari lako lina madini gani. Madini ya kromu yaligunduliwa mwaka 1797 na mkemia wa Kifaransa, Louis Nicolas Vauquelin, kutoka katika jiwe jekundu la Siberia. Hata hivyo zaidi ya karne ilipita kabla ya viwanda kupata njia ya kuyachovya juu ya chuma kwa nguvu za umeme kwa namna ya kufaa biashara, jambo lililotimia katika miaka ya 1920. Kabla ya hapo magari yalipambwa kwa shaba ya njano, kisha kwa nikeli, na nikeli ina joto fulani, unjanojano mwembamba ambao kromu haina, kwani kromu yenyewe huelekea kidogo katika ubuluu. Kigari cha mwaka 1922 kikipakwa kwa ubaridi wa kromu kimesema uongo wa miaka. Tena ule utando wa kromu ni mwembamba kupita fikira, aghalabu haufiki elfu moja ya milimita, nao hukaa juu ya nikeli. Nikeli hukilinda chuma kisile kutu, na kromu huilinda nikeli isififie. Mapema mwaka 1942, vita vilipopamba moto, serikali ya Marekani iliizuia kromu isitumike kwenye magari ya raia, na magari machache ya mwisho kutoka viwandani yakapakwa rangi ya kawaida pale ambapo pangekuwa na kromu. Vita vilipokwisha watu wakalipiza kisasi. Shoo ya mbele ya Buick ya mwaka 1958 ilikuwa na vipande vya mraba 160 vya kromu, ulimbwende ambao kwa ladha yangu ulipita mpaka, ijapokuwa nakiri kwamba hakuna shule bora kwa mkono wa fundi wa vigari kuliko kuvipaka vile vipande 160 kimoja kimoja. Katika miaka ya 1970 na 1980 plastiki nyeusi ikatwaa enzi, na kazi yetu ikapungua nusu.

Maarifa ya pili ni kujua kwamba si kila king'aacho ni kromu. Land Rover za zamani, gari ambalo katika nchi ya mbuga na hifadhi, tena katika mtaa huu wenye chuo cha wanyamapori kilichoanzishwa mwaka 1966, halihitaji kutambulishwa kwa mtu, zina mwili wa alumini na mabampa ya chuma kilichopakwa zinki. Bampa la namna hiyo ni la kijivu kisichoakisi, lenye mabaka hafifu, na kwake ile rangi ya silva niliyoidharau hapo mwanzo, ikichanganywa na kijivu kidogo, ndiyo haki yake; nimeona Land Rover za mfano zenye mabampa ya kung'aa kama vyombo vya arusi, na kadiri zilivyong'aa ndivyo zilivyozidi kuwa si Land Rover. Kadhalika tepe nyingi za pembeni na za kuzunguka vioo katika magari ya miaka ya 1960 ni chuma kisichoshika kutu au alumini iliyotiwa dawa, nazo zina weupe mtulivu zaidi kuliko bampa lililo mbele yao. Fundi mzuri hupaka mbili hizi kwa namna mbili.

Nachukua Peugeot 404 iwe mfano wetu, kwa sababu ni gari ambalo wazee waliomo humu wamelipanda na vijana wamelisikia. Lilitoka mwaka 1960, lina mikia miwili midogo nyuma na shoo ya fito za kulala mbele, na katika vipimo vya 1 kwa 24 urefu wake ni kiasi cha milimita 185. Bert Shankland na Chris Rothwell, waliotoka Tanzania, walishinda nalo Mashindano ya Safari ya Afrika Mashariki mwaka 1966, wakashinda tena mwaka 1967. Safari ile ilikuwa ikifanywa wakati wa Pasaka, msimu wa masika, na kwa hiyo mwenye kutengeneza gari la Safari ana mtihani wa pekee: kromu yake haimo katika hali ya dukani, bali imo chini ya tope. Hapo na afahamu kwamba tope hushika katika mabonde na hutoka kwenye matuta, na kwamba mahali popote ambapo kiganja cha dereva au kitambaa cha fundi kimepita, kromu hurudi kung'aa mara moja, tofauti na mwili wa gari ambao hubaki na ukungu wa vumbi. Apake bampa kamili kwanza, mbingu na ardhi na jua lake, ndipo alifunike kwa tope; akipaka tope juu ya silva tupu, hata pale palipofutwa hapatasema kweli. Na gari lililozeeka kando ya ziwa lina jambo jingine: kromu yenyewe haishiki kutu, ila katika vitobo vidogo visivyoonekana unyevu hupenya ukakila chuma kilicho chini, na kutu hutokeza kwa nukta ndogo za rangi ya kahawia, zimetawanyika hasa sehemu ya chini na nyuma ya bampa. Kutu iliyopakwa kama doa kubwa juu ya kromu ni ya kubuni.

Sasa nije kwenye njia, kwa kuwa najua wengine mmekuja kwa ajili ya hizo. Ziko njia ambazo hazipaki taswira bali huleta kioo chenyewe, na yafaa kuzijua hata kwa asiyezitumia.

Iliyo kongwe na iliyo nafuu ni karatasi ya madini. Huko Marekani kuna karatasi nyembamba sana yenye gundi, iitwayo Bare-Metal Foil, iliyotengenezwa kwa kazi hii hasa. Lakini karatasi ya ndani ya pakiti ya sigara, ikilowekwa majini mpaka ile karatasi nyeupe ya nyuma ikabanduka, ama karatasi ya alumini ya jikoni ikipakwa gundi nyembamba, hufanya kazi ya kuheshimika. Ilaze juu ya utepe, isugue kwa kijiti kilichofungwa pamba kutoka katikati kwenda kingoni mpaka iingie katika kila mfereji, kisha ikate kwa wembe mpya, nami nasisitiza upya wa wembe, kwa maana wembe wa jana hauikati karatasi bali huiburura. Kwa maandishi yaliyoinuka kwenye buti la gari, kama jina la aina yake, iko hila moja nzuri: bandika karatasi kwanza, paka rangi ya mwili juu yake, na rangi ikikaribia kukauka pitisha juu ya herufi kitambaa chenye tina kidogo sana, rangi itafutika kwenye vilele vya herufi na kubaki mabondeni, na maandishi yatatokeza yakiwa safi kuliko mkono wowote ungaliweza kuyaandika.

Njia ya pili ni rangi maalumu za kupuliza, kama vile Alclad, ambazo chembe zake za alumini ni ndogo mno na hutaka kulala bapa juu ya uso laini. Msingi wake lazima uwe mweusi wa kung'aa kabisa, na kompresa ifunguliwe kwa shinikizo la chini, na rangi ipulizwe kama ukungu, tabaka juu ya tabaka nyembamba, huku weusi ukigeuka kuwa kioo mbele ya macho yako; mtu akitia tabaka moja nene kwa pupa, chembe husimama ovyo na tunarudi kwenye silva ya dukani. Vanishi juu yake huizimisha. Wenzetu wanaoifanya kazi hii karibu na ziwa wana maadui wawili ambao vitabu haviwataji: unyevu wa masika, ambao huganda juu ya rangi inapokauka na kuiachia weupe wa ukungu, na yale mawingu ya wadudu wadogo wa ziwani ambayo, yakivutwa na taa ya usiku, hutua juu ya rangi mbichi kwa ukarimu wa kutisha. Pulizeni asubuhi, hewa ikiwa kavu, na mfunike kazi kabla ya kuwasha taa. Iko pia kalamu ya Molotow ya Ujerumani, yenye wino wa kromu, ambayo kwa nyuzi nyembamba za kuzunguka vioo haina mpinzani, mradi iachwe ikauke kwa siku kadhaa na isiguswe kwa kidole, kwani kidole huiua.

Na vile vipande vya plastiki vinavyokuja ndani ya sanduku la kigari vikiwa vimekwisha kung'arishwa kiwandani? Hapa nina ugomvi. Vipande vile havina kromu. Vimetiwa utando wa alumini iliyogeuzwa mvuke ndani ya chumba kisicho na hewa. Sasa alumini hurudisha kiasi cha sehemu 9 katika kila 10 za nuru inayoipiga, fedha hurudisha zaidi ya hapo, ilhali kromu halisi hurudisha takriban thuluthi mbili tu. Basi kipande cha kiwandani hung'aa kupita kromu yenyewe, na jicho, ingawa halijui hesabu, hulihisi jambo hilo na kusema kwamba hiki ni kitu cha kuchezea. Dawa ni kukitia giza: pulizia juu yake vanishi iliyochanganywa na tone la nyeusi, nyembamba kama moshi, kisha tia wino mweusi katika mifereji ya shoo. Ama kama umeamua kukipaka upya, kitumbukize katika dawa ya kung'arishia nguo nyeupe, na utando wote utayeyuka. Nikiri hata hivyo kwamba ukali wangu huu si wa haki kwa watoto: Dinky Toys wa Liverpool walivipulizia vigari vyao silva ya kawaida kwenye bampa na taa, na watoto wa dunia nzima waliviburuza sakafuni kwa furaha pasipo kudai upeo wa macho.

Wala sikuwasahau vijana wa mitaa yetu wanaounda magari kwa bati la makopo na waya, wakayatia magurudumu ya kandambili zilizochakaa na usukani wa waya mrefu wa kuyaendesha wakiwa wima. Hawa wana heri ambayo wenye vigari vya plastiki hawana, kwa kuwa ndani ya kopo uso wa bati tayari ni madini yang'aayo, chuma kilichofunikwa utando wa stani. Ushauri wangu kwao ni kinyume cha ule wa wengine: wasipake. Wakate bampa kwa namna ambayo uso wa ndani wa kopo utatoka nje, waupinde juu ya msumari mnene au kipande cha nondo ili upate mbinuko, kwa maana bati bapa huonyesha kitu kimoja tu ilhali bati lililobinuka huonyesha mbingu na ardhi kwa pamoja, kisha wausugue kwa kitambaa na majivu laini mpaka urudishe sura. Mbinuko ndio siri yote. Nimeona gari la makopo ambalo bampa lake, kwa ajili ya kupindwa vizuri tu, liliwashinda wenzake wa dukani.

Limebaki swali ambalo mtu makini atakuwa ameliuliza moyoni: madhali kioo halisi chaweza kubandikwa, kwa nini kujisumbua kupaka taswira? Jibu langu lina pande mbili, na sitaki kuuficha upande unaonipinga. Karatasi na rangi za kupuliza huakisi kile kilicho karibu na kigari kwa kweli, na kigari aghalabu kiko kabatini, kwa hiyo kinaakisi dari, balbu na ubao wa rafu. Mbingu ya Mwanza haimo. Kigari kilichopakwa kwa brashi kimebeba mbingu yake, kikiwa kabatini au mezani. Lakini taswira iliyopakwa imeganda. Mtazamaji akihama, taswira ya kweli ndani ya kromu huhama naye, na ile ya rangi hubaki ilipo. Akikichukua kigari mkononi na kukipindua, ardhi yake itakuwa juu na mbingu chini, na uongo utadhihirika. Kwa hiyo mimi hukata shauri kwa kuuliza kigari kitaonwa vipi. Kitakachokaa ndani ya sanduku la kioo na kutazamwa kutoka upande mmoja, kwa kimo kimoja, nakipaka chote kwa brashi bila ya tone la silva. Kitakachoshikwa na kugeuzwa, nakitia karatasi kwenye tepe nyembamba na rangi ya kupuliza kwenye bampa, kisha kwa wino mwembamba naongeza ule mstari mweusi wa upeo wa macho na hudhurungi kidogo chini yake, nusu ya kioo na nusu ya picha. Na hii nusu kwa nusu, japo wenye msimamo mkali wa pande zote mbili huidharau, ndiyo idumuyo vizuri kuliko zote machoni mwa watu.

La mwisho ni vifuniko vya magurudumu, ambavyo nimeviacha mpaka sasa kwa kuwa vinawashinda hata mabingwa. Kifuniko kimebinuka pande zote, si juu na chini tu, kwa hiyo upeo wa macho ndani yake hupita katikati ukiwa mstari, kisha kwenye kingo hupinda ukifuata duara. Mbingu hukaa nusu ya juu na ardhi nusu ya chini, na nukta ya jua huwa juu ya katikati. Na kwa kuwa gurudumu huzunguka ila mbingu haizunguki, vifuniko vyote vinne lazima vipakwe baada ya magurudumu kufungwa mahali pake na kugandishwa kwa gundi yasizunguke tena. Vikipakwa mezani kabla ya hapo, kimoja kitakuwa na mbingu kushoto, kingine chini, na gari litaonekana limepinduka katika pande nne tofauti.

Kwenye meza hii viko vigari vitatu vya namna moja, cha kwanza kimepakwa silva ya dukani, cha pili karatasi, cha tatu brashi. Vichukueni mtoke navyo uwanjani kabla jua halijateremka mno, mviweke juu ya lile jiwe bapa lililo karibu na lango na kuvitazama kwa kuchutama. Mkirudi tutaanza na maswali ya vijana, kisha ya wazee.